Imeisha India, kwetu bado: neno langu la kuiaga tamthilia ya Pragya

Jamani hii ndo ile hotuba niliyoitoa ijumaa kwenye kikao cha kuvunja kikoba chetu hapa Tanga, wengi mlilalamika spika ilikuwa inakoroma hamkusikia vizuri, na wengine mlikuwa uani kwenye masufuria ya pilau, kwahiyo nimeiandika yote kama nilivyoisema, hata yale maneno ya pembeni sijayatoa.

Asalam aleikum, na ndugu zangu msio waislamu habari za jioni. Mwenyekiti wetu, mweka hazina wetu ambaye leo umependeza mpaka tunaanza kuwa na wasiwasi na hela zetu, mawifi zangu, mashoga zangu, na nyie wanaume mlioko hapo barazani mnaojifanya mnacheza bao kumbe masikio yote yako huku ndani. Nimepewa dakika 10. Mwenyekiti alinipigia juzi akaniambia dada, we ndo ulikuwa mfasiri wetu miaka yote hii, sema neno kidogo la kuiaga ile tamthilia kabla hatujagawana pesa. Nikamwambia sawa nitasema, ila kwa sharti moja, makofi tupige ya chinichini, maana mama mkwe wangu kalala chumba hicho hapo na yeye hajaambiwa.

Ndio, hajaambiwa. Nitafika huko.

Kwanza niwaeleze wageni, maana naona kuna sura mpya. Tamthilia inayotuweka hapa inaitwa Kumkum Bhagya. Kumkum ni ile poda nyekundu wanawake wa kihindu walioolewa wanajipaka kwenye paji la uso, na kwenye hadithi ndo jina la ukumbi wa harusi wa mama mmoja anaitwa Sarla, ana mabinti zake na yeye kila siku anaozesha watoto wa watu huku wa kwake wako ndani. Ilianza kurushwa India tarehe 15 Aprili 2014 kwenye Zee TV, watengenezaji ni Balaji Telefilms ya Ekta Kapoor, yule mama ambaye kama umewahi kulia mbele ya tv kwa ajili ya muhindi basi kuna uwezekano mkubwa ni yeye aliyekuliza. Zee World ilipofunguliwa kwa ajili ya Afrika Februari 2015 wakatuletea na hii, wakaibatiza jina la kizungu Twist of Fate. Sisi mtaani hatukuhangaika na majina. Tukaita ya Pragya. Ukikutana na mtu gengeni, jana umeiona ya Pragya? Bas, mmeelewana, nyanya zinapimwa huku mnasimuliana.

Sasa huko India wameifunga, Septemba 2025. Miaka 11, episodi zaidi ya 3,000. Mi juzi nikakaa na simu nikapiga hesabu, tuseme kila episodi ukitoa matangazo ni dakika 20, mara 3,000, hiyo ni dakika 60,000, yani masaa 1,000, ambayo ukiyagawa kwa siku unapata siku 41 na ushee, usiku na mchana bila kulala. Zaidi ya arobaini jamani! Mtu akifa tunamsomea arobaini ikapita, huyu Pragya tumemkalia arobaini nzima akiwa hai. Mume wangu nilipomsomea hiyo hesabu akasema hayo masaa 1,000 ungekuwa umejifunza ufundi. Nikamwambia baba, hiyo kofia ya viua uliyovaa idd mpaka watu wakakuuliza umenunua wapi niliishona hapohapo mkekani, Abhi, mume wa Pragya, akiwa amepoteza kumbukumbu. Na aliipoteza muda mrefu ndo maana kofia ikatoka nzuri.

Haya turudi. Hadithi yenyewe kwa ufupi, maana ukisema niisimulie yote kikoba hakivunjwi leo. Pragya ni mwalimu wa chuo, miwani mikubwa, mpole, mabegi ya vitabu. Abhi ni mwanamuziki maarufu, nywele, magitaa, makelele. Abhi anamuoa Pragya sio kwa mapenzi, anamuoa kumfurahisha dada yake Aaliya ambaye naye anamtaka Purab, na Purab anampenda Bulbul, mdogo wake Pragya. Umeshaona fundo hilo? Sasa fundo hilo limekaa miaka. Wamependana, wametenganishwa, kaja Tanu, yule mpenzi wa zamani wa Abhi, na mimba ya kusingizia, kumbukumbu zikapotea, akatokea hadi mtu anayefanana na Pragya kama mapacha, wakatengana tena, mtoto akafa, wakagawana mapacha, mmoja kabaki na baba na mwingine kalelewa na mama huko Hoshiarpur, alafu wanaruka miaka 20 kwa mkupuo, mwaka 2019 hiyo, na Pragya miaka 20 imepita hana hata kunyanzi wakati mimi nilikuwa nakunja uso kila nikipanda ngazi.

Mama mkwe wangu alikuja kwetu 2016. Alikuja kutibiwa goti, akasema anakaa wiki mbili. Nyie mnacheka, mi nilicheka baadaye.

Sasa huyu mama ni wa kizazi cha sinema. Usichana wake aliangalia Awara ya Raj Kapoor, anakuambia watu walitoka ukumbini wanaimba na kulia kwa pamoja, na taarabu za wakati ule nusu yake si zilikuwa ni melodi za kihindi zimevishwa kanzu. Kwahiyo yeye anaamini kihindi anakijua. Anayo maneno yake, pyaar, dil, zindagi, na hayo ukiyajua kusema kweli umeshaelewa robo tatu. Shida ni kwamba ile ya Zee World imeingiziwa sauti za kizungu, midomo inasema kihindi, sauti inasema kizungu, na mama kizungu chake kinaishia kwenye gud moning. Siku ya kwanza kakaa kama dakika tano kimya alafu akaniuliza, mbona wamemtia mhindi wa watu ulimi wa mzungu? Nikamwambia mama njoo hapa karibu mi ntakutafsiria.

Hilo neno moja nimelilipia miaka tisa.

Na tusifichane, wengi wenu humu ndani hamkuwa mnakuja kwangu kwa sababu ya king'amuzi, ving'amuzi mnavyo, mlikuja kwa sababu ya tafsiri. Hii tamthilia wenyewe wanasema wameichota kwa mbali kwenye riwaya ya Jane Austen, mama wa kiingereza, imetoka 1811, inahusu madada wawili na mambo ya kuolewa. Fikiria basi huo msafara. Kizungu cha 1811 kimeenda Mumbai kikawa kihindi, kihindi kikarudishwa kizungu ili kije Afrika, alafu kizungu hicho kikafika Tanga kwenye mkeka wangu kikawa kiswahili chetu hiki cha huku, na kila kilipopita kuna mtu alichomoa kitu akaweka cha kwake. Mi pia niliweka vyangu. Leo ndo siku ya kukiri.

Wifi yangu hapo mbele, naomba uniwie radhi. Wiki zile za mwanzo Aaliya akifanya mambo yake, na Aaliya ni wifi wa Pragya, wifi hasa, wifi wa vitabuni, mi nilikuwa natafsiri huku nakuangalia wewe. Aaliya anapanga kumharibia Pragya ndoa, anakaa gizani anacheka peke yake, wale jamaa wanaleta kamera mara tatu usoni kwake dhum, dhum, dhum, na mi nasema kwa sauti kubwa "mawifi jamani, kuna watu hawana utu". Na we ulikuwa unakubali kabisa! Unasema kweli dada, kuna watu hawafai. Mpaka leo sijui kama ulijua. Sawa, unacheka, kumbe ulijua.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa hilo. Kosa langu lilikuja na Pallavi.

Pallavi ni mama yake Ranbir, hii ni kizazi cha pili sasa, Prachi yule mtoto wa Pragya ameolewa na Ranbir kwa kificho na Pallavi hamtaki, anamtaka Rhea, yule pacha wake Prachi aliyelelewa na baba. Mama mkwe anamkataa mke wa mwanae. Na mimi nimekaa mkekani, mama mkwe wangu kakaa kwenye kochi nyuma yangu, magoti yake yako hapa begani kwangu, natafsiri. Nyie mngefanyaje? Siku Pallavi anamfukuza Prachi, mikono juu, macho yametoka, mlango unaoneshwa kwa kidole, mama kaniuliza anasemaje huyo. Nikamjibu anamwambia akapumzike kwao kidogo. Mama kaangalia tv. Mbona anamsukuma? Nikasema anamuaga mama, kwao wanaagana hivo.

Kumbe mtoto wangu wa pili alikuwa hapo pembeni na daftari lake la hesabu, yuko darasa la nne wakati huo, anasoma hizi shule za kizungu ambazo ada yake ndo inafanya nikope humu kikobani. Akanyanyua kichwa akasema, bibi, amesema toka nyumbani kwangu na usirudi.

Nyumba ilinyamaza. Pallavi anaendelea kupiga kelele peke yake kwa kizungu na hakuna anayemtafsiria.

Mama kanyoosha mkono akapunguza sauti kwa rimoti, kitu ambacho hajawahi kufanya, akaniuliza kwa upole kabisa, kwahiyo mwanangu miaka yote hii nimekuwa naangalia tamthilia yako? Nikakosa la kusema. Akasema, adui mwache awe adui. Alafu akakaa kimya, matangazo yakapita, tukaoneshwa sabuni, tukaoneshwa tamthilia nyingine inakuja, ndo akasema, hivi mimi nilikufukuza siku ngapi?

Wengine hamjui, wifi anajua. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu.

Nikamwambia siku tisa mama. Akasema tisa? Mi siku zote najua tano. Nikasema tisa, niliondoka jumanne nikarudi alhamisi ya wiki ya pili yake. Akahesabu kwa vidole kwenye goti lake bovu, jumatano, alhamisi, ijumaa, akafika, akasema kweli tisa. Akapandisha sauti ya tv. Haya endelea, anasemaje sasa?

Hatujawahi kuongelea tena, na sijawahi kuhitaji. Ila toka siku ile nilitafsiri kila kitu, hata matusi, na mama kila Pallavi akizidisha alikuwa ananipiga kwa kidole begani hivi, anasema huyu kazidi, hata mimi sikufika hapo.

Sasa mwenyekiti ananionesha saa, naijua, nimebakiwa na hasira tu nizitoe niende.

Maana hasira ninazo. Usiniambie niiage hii kitu kama naaga mtakatifu. Hawa watu walituchezea. Purab alikuwa Arjit Taneja, tukamzoea, tukampenda, siku moja tunawasha tv kuna mtu mwingine kabisa anaitwa Purab, Vin Rana, na watu wote mle ndani wanamsalimia kama hakuna kilichotokea! Mama mkwe alikataa wiki nzima. Alisema huyu sio Purab, Purab mi namjua kwa mabega. Nikamwambia mama ndo huyohuyo, akasema labda kaugua. Bulbul naye alikuwa Mrunal Thakur, akaondoka zake akaenda kuwa nyota wa sinema kubwa huko, heri yake, ila sisi alituacha na sura ya mtu mwingine kwa muda alafu wakamuua. Rhea ndo usiseme, amebadilishwa sura mpaka mama akawa anauliza kila jioni, leo yuko yupi?

Na kubwa kuliko yote wakamuondoa Pragya na Abhi wenyewe. Sriti Jha na Shabir Ahluwalia wakaondoka, hadithi ikabaki kwa watoto, alafu wajukuu, kina Purvi, alafu tena mbele zaidi kina Prarthana. Hii ni kama harusi ambayo bwana na bibi harusi wameshaondoka ukumbini, viti vinakusanywa, nyie mmebaki na MC anawaambia bado kidogo kuna zawadi. Na sisi tukabaki! Hilo ndo linaloniuma. Tulikaa. Mi kwa moyo wangu tamthilia ilikufa siku Pragya alipotoka, kilichobaki kilikuwa ni kutunza mazoea, lakini ukiniuliza kwanini sikuzima, naangalia kushoto kwangu kwenye kochi na sina jibu.

Nilikuja kuelewa kwanini wanavuta hivyo. Kule India kila alhamisi zinatoka namba za watazamaji, wanaziita TRP, ni nani kaangalia nini wiki iliyopita, na hadithi inaenda kwa kufuata zile namba. Haiandikwi ikaisha ndo ipigwe kama filamu, episodi zinapigwa siku chache tu kabla ya kurushwa, kwahiyo mwandishi mwenyewe hajui mwezi ujao nani atakuwa hai. Namba zikipanda wanavuta, zikishuka analetwa pacha, zikishuka zaidi wanaruka miaka na kuanza na sura changa. Ndo maana unaona mtu anapanda ngazi tatu kwa episodi mbili. Ukishajua hilo unakasirika kidogo zaidi, alafu hasira inapungua kidogo, maana unagundua kumbe na wao huko wanaishi kama sisi, hesabu ya jioni kwa jioni.

Na watazamaji wa kule nao wana nguvu, sio kama sisi tunaolalamika gengeni tu. Kuna ile ya zamani Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi, 2000 mpaka 2008, ya Ekta Kapoor huyuhuyu, jina lake lina maana kwamba hata mama mkwe aliwahi kuwa mke wa mwana, na hapo mawifi na wakwe zangu mkae nalo. Walipomuua Mihir, mume wa Tulsi, nchi ililipuka, watu wakaandamana na simu, barua, kelele, mpaka Mihir akarudishwa akiwa hai. Sisi huku tunasema steringi hauawi, wenzetu walienda kuidai hiyo haki. Na Smriti Irani aliyekuwa Tulsi akaja kuwa waziri kabisa serikalini, alafu Julai 2025 tamthilia ikafufuliwa naye akarudi kuwa Tulsi. Kwahiyo mwaka huohuo mmoja kafufuka na wetu kazikwa. Nilivyosoma hivyo roho ikaniambia basi na ya kwetu itafufuka, nikajikemea hapohapo, masaa mengine 1,000 sina.

Na tusidanganyane, kuna nafuu. Kifurushi cha king'amuzi kila mwezi, nikipiga hesabu hiyo nitakaa chini. Luku iliyokatika katikati ya maneno ya Abhi, mbio za kwenda kununua umeme na khanga moja. Maharage yaliyoungua, na mawili matatu yaliungua humuhumu kwenye nyumba zenu nisije nikaonekana peke yangu. Ugomvi wa rimoti na mtu anayetaka taarifa ya habari. Mi nikisikia imeisha kuna mahali kifuani pamepumua kabisa. Nitalala mapema. Nitasoma hata msahafu kwa utulivu.

Alafu nakumbuka ile ya Karva Chauth, ile siku wanawake wao wanafunga kutwa nzima kwa ajili ya maisha ya waume zao, mpaka mwezi utoke, wauangalie kupitia chekeche, waangalie na mume kupitia chekeche hilohilo, ndo anawanywesha maji. Pragya anasubiri mwezi, muziki unalia, wote humu tumeshika pumzi. Mama mkwe akauliza, kwahiyo mwezi wao umeonekana wapi, Mumbai au Saudia? Watu 14 walikuwa humu ndani siku ile na hakuna aliyebaki kwenye kiti. Mpaka leo kila mwezi wa ramadhani ukianza ubishi wa kuandama, kuna mtu hapa mtaani lazima aseme leteni chekeche.

Hiyo nitaipata wapi nyingine? Nyumba ikiwa na simu sita na kila mtu anaangalia cha kwake na waya masikioni? Wanangu wana tamthilia zao za kikorea, wanaangalia sizoni nzima usiku mmoja, asubuhi imeisha, hakuna wa kusubiri naye kesho. Sisi tulikuwa tunasubiri kesho. Hata ubaya wa Tanu ulikuwa na kesho yake.

Sasa niseme la mama na nishuke. Habari kwamba imefungwa India niliipata mimi kwenye simu, nikiwa jikoni. Nilisimama pale na mwiko. Lakini si mnajua sisi huku tunaletewa kwa kuchelewa, tuko nyuma, episodi zetu bado zipo njiani zinakuja. Kwahiyo msiba umeshatangazwa na marehemu bado anaingia kila jioni, anakaa, anagombana, anaolewa. Nikaingia sebuleni nikamkuta mama kashaweka mto wake mgongoni, ananisubiri. Akaniuliza kama anavyoniuliza kila wiki, toka walipomuondoa, eti Pragya anarudi lini?

Na mimi kama ninavyomjibu kila wiki nikamwambia karibu mama.

Najua nilisema sitafsiri uongo tena. Huu sio tafsiri, hakuna kwenye tv aliyesema kitu, huu ni wangu mwenyewe. Nilimuuliza mume wangu tumwambie? Akasema mama ana miaka 77, daktari kamkataza chumvi, kamkataza ngazi, na we unataka kumkataza na Pragya. Kwahiyo tumekubaliana nyumba nzima, hata yule mtoto wa daftari ambaye sasa amekuwa mkubwa na anajua kunyamaza, kwamba hapa kwetu haijaisha mpaka iishe hapa. Ndo maana nimewaomba mpige makofi ya chinichini na ndo maana hili turubai limefungwa uani na sio

Hapo ndo nilipoishia. Nilikuwa na mengine, nilikuwa nimeandika kwenye karatasi kabisa, lakini wote mliokuwepo mliona mlango wa chumba ukifunguka. Kwa ambao hamkuwepo, mama katokea na mkongojo wake, khanga begani, kauangalia umati wote ule wa wanawake 30 na ushee tumekaa kimya na sare zetu, kaniangalia mimi na maiki mkononi, akauliza, nani kafa?

Hakuna aliyejibu. Wifi akaanza kukunja khanga yake ambayo haikuwa na shida yoyote. Mwenyekiti ambaye kwenye vikao hajawahi kukosa neno akageuka kuangalia pilau.

Nikasema hakuna mama, tunavunja kikoba.

Akasema, watu wanagawana hela ndo wananyamaza hivi? Akasogea polepole mpaka kwenye kochi lake, mweka hazina akampisha, akakaa, akanyoosha lile goti, akauliza saa ngapi sasa. Mtu akamtajia. Akasema si muda wake huu, rimoti iko wapi, na nyie mbona mmesimama, kaeni tuangalie. Alafu akapapasa mkeka hapo chini miguuni kwake, mara mbili, bila kuniangalia.

Tv ikawashwa. Mi nikashuka na maiki yangu nikaenda kukaa, na ile spika mbovu ikiwa bado inakoroma mtaa mzima, nikaanza kutafsiri.